Bega lililogoma: siku ya kwanza ya jiko la moshi

Mpwa wangu alinipigia simu saa mbili usiku, wageni wakiwa wameshaondoka. Hakusalimia kwa kirefu kama kawaida yake. "Mjomba, nimechezea moto siku nzima bure," akasema. "Nyama imeingia jikoni tangu asubuhi, imetoka nyeusi, chungu, na haitafuniki. Hili jiko naliuza."

Nilimwomba asiuze chochote usiku ule, ila anitumie kila picha aliyopiga siku hiyo, bila kuchagua zilizotoka vizuri. Mwenye jiko jipya hupiga picha nyingi, na simu hukumbuka saa ya kila moja. Zilikuwa 31. Kwa picha hizo, pamoja na maswali niliyomuuliza kesho yake tukiwa tumesimama mbele ya jiko lenyewe, niliweza kuifuatilia siku yote tangu moto ulipowashwa hadi kisu kilipoingia kwenye nyama.

Ninaiandika kwa ridhaa yake, kwa sababu alichokosea ndicho ninachokiona kwa karibu kila anayeanza, na kwa sababu lawama aliishusha pasipo pake. Jiko lina kasoro, nami nitazitaja. Ila kilichoharibu nyama ile ni moto ulionyimwa hewa, na kilichomvunja moyo ni kutojua kwamba nyama kuiva ni jambo moja na nyama kulainika ni jambo jingine.

Siku ilivyokwenda

Jiko ni lile la pipa lililolazwa, lenye kisanduku cha moto ubavuni. Joto na moshi huingia upande mmoja, hupita juu ya wavu wenye nyama, na kutokea kwenye dohani upande wa pili. Nyama ilikuwa pande la bega la ng'ombe lisilo na mfupa, kilo 3.2. Hapo nampongeza. Bega lina mafuta ya kutosha na nyama yake imeshikana kwa tishu ngumu nyingi, kwa hiyo huvumilia makosa ya mpishi kuliko pande konda. Alilipaka chumvi usiku uliotangulia, likalala kwenye jokofu bila kufunikwa, na asubuhi uso wake ulikuwa umekauka vizuri. Mpaka hapo hakuwa amekosea kitu.

Saa 2:05 asubuhi, mkaa umemwagiwa mafuta ya kuwashia na ndimi za moto zimepita kimo cha kisanduku. Saa 2:20, nyama tayari iko ndani. Katika picha hiyo mkaa wa juu ungali mweusi, yaani mafuta yalikuwa bado hayajaisha kuungua. Saa 2:45, kipimajoto cha mfunikoni kinasoma digrii 150 za Selsiasi. Akaogopa, akafunga tundu la hewa la chini karibu lote na kofia ya dohani hadi nusu.

Saa 3:10 ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote. Wingu jeupe, zito, limefunika ukuta wa nyuma hauonekani, na chini yake ameandika: "Moshi umekolea!" Vibanzi vya kuni vilivyokuwa vikifuka humo ndani alivitoa kwenye ndoo ya maji vilimokuwa vimelowekwa usiku kucha.

Kuanzia hapo picha nyingi ni za kipimajoto kilichochomekwa kwenye nyama. Saa 6:40 mchana digrii 67. Saa 7:30, 68. Saa 8:30, 69. Saa 9:20, 68 tena. Kati ya hiyo ya kwanza na hiyo ya mwisho kuna picha 11, na katika zote mfuniko uko wazi na chupa ya kunyunyizia maji imo mkononi. Saa 10:05 alipandwa na wasiwasi wa wageni, akamwaga mkaa mpya juu ya makaa na kutupia kuni nyingi kwa pamoja. Saa 11:15 nyama ilitoka ikiwa na digrii 76. Aliikata palepale mezani, kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake.

Dohani husema kabla ya nyama

Nilipoifungua picha ya saa 3:10 sikuhitaji kuambiwa ladha. Ule uchungu ulikuwa unaonekana.

Kuni haziwaki namna tunavyodhani. Joto kwanza hufukuza maji yaliyomo. Maji yakishaisha, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazoshika moto. Ndizo ule mwali tunaouona. Zikipata joto na hewa ya kutosha huungua karibu zote, na kinachobaki kupanda dohani ni moshi mwembamba, wa kibuluu, ambao wakati mwingine huuoni mpaka usimame dhidi ya jua. Humo ndimo zilimo harufu tunazozitafuta. Lignini, sehemu inayoupa mti ugumu wake, ikivunjwa na joto hutoa guaiakoli na siringoli, na hizo mbili ndizo hasa zinazoipa nyama ladha na harufu ya moshi.

Ukiunyima moto hewa, gesi zile hupanda bila kuungua. Zinakutana na hewa baridi, zinageuka vitone vidogo vya utomvu, na pamoja na masizi zinaganda popote zinapogusa. Wataalamu huita kriosoti. Ni kitu kilekile cheusi cha kunata kinachoziba dohani za nyumba. Katika jiko la moshi, kitu cha kwanza chenye ubaridi na unyevu kinachokutana nacho ni nyama.

Kuna jambo hapa ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema: nyama hushika moshi zaidi mwanzoni, uso wake ungali baridi na majimaji. Kadiri inavyopata joto na kukauka, ndivyo inavyoshika kidogo. Kwa hiyo saa ile ya kwanza, yenye mafuta ya kuwashia ambayo hayajaisha na vibanzi vilivyoloweshwa, ndiyo iliyoandika ladha ya siku nzima. Hata kama angerekebisha moto saa sita mchana, uchungu ulikuwa umeshaingia.

Kuloweka kuni nako ni ushauri unaorithishwa tu bila kupimwa. Maji hayaingii ndani ya mti kwa usiku mmoja. Yanaishia kwenye ngozi yake. Ukiuweka motoni, joto linatumika kwanza kuyachemsha, moto unapoa, na kile kinachoonekana kama moshi mzito kwa sehemu kubwa ni mvuke. Mvuke ukiisha, kibanzi kinaanza kuungua katika moto uliokwisha kudhoofishwa. Tumia kuni zilizokauka sawasawa, za mti mgumu, si za mti wenye utomvu kama msonobari, na kamwe usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia wadudu.

Lakini kosa kuu lilikuwa lile la saa 2:45, kufunga dohani. Aliona joto limezidi, akadhani dawa ni kuukaba moto. Moto ukiwa mkubwa kupita kiasi, tatizo ni wingi wa mkaa unaowaka kwa wakati mmoja. Ukiukaba, unabaki na kuni nyingi zinazofuka badala ya kuwaka. Kinachotakiwa ni moto mdogo unaopumua vizuri, dohani ikiwa wazi wakati wote, na marekebisho yakifanywa kwa tundu la chini, kidogokidogo, huku ukingoja dakika 10 kabla ya kugusa tena.

Nilimfundisha kipimo kisichohitaji kifaa. Pitisha kiganja juu ya mdomo wa dohani kwa nukta chache, kisha kinuse. Kikinukia kama kuni tamu, weka nyama. Kikinuka kama lami au kikikuwasha koo, subiri. Tulipofanya hivyo kesho yake na vibanzi vyake vilivyobaki ndooni, alirudisha mkono haraka. "Hii ndiyo tuliyokula jana," akasema.

Namba zilizomdanganya

Siku nzima alikuwa akiongozwa na kipimajoto cha mfunikoni, ambacho muda mwingi kilisoma kati ya 105 na 115. Kwa mujibu wake alikuwa ndani ya joto linalotakiwa, maana nyama ya moshi huenda vizuri kati ya digrii 107 na 121. Ila nyama haikai mfunikoni. Tuliwasha moto mdogo bila nyama, tukaweka vipimajoto vitatu kwenye wavu wenyewe. Mfuniko uliposoma 110, wavu karibu na kisanduku cha moto ulikuwa 148, katikati 118, na mwisho kabisa upande wa dohani 96. Hiyo ni tofauti ya digrii 52 ndani ya jiko moja.

Alikuwa ameweka bega upande wa 148, tena ncha nyembamba ikielekea motoni. Ndiyo maana upande mmoja ulikuwa umekauka kama gamba na mwingine ungali na uhai kidogo. Pande kama lile lilitakiwa kukaa katikati, upande mnene ukiuelekea moto, na kugeuzwa mara moja njiani.

Kipimajoto chake cha kuchomeka nacho tulikijaribu. Kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kilisoma 1, badala ya 0. Hakuna ubaya hapo. Ukikijaribu kwa maji yanayochemka, kumbuka kwamba 100 ni ya usawa wa bahari. Hupungua kwa takriban digrii 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kifaa hicho ndicho ningemshauri yeyote akinunue kabla hata ya jiko, kile chenye nyaya mbili, moja ndani ya nyama na nyingine kwenye wavu. Bila hicho unapika kwa kubahatisha, na nyama ya kilo tatu ni kubwa mno kubahatishia.

Saa tatu pale pale

Hii ndiyo sehemu iliyomtesa. Nyama ilipanda vizuri mpaka 67, kisha ikagoma. Kwa karibu saa tatu namba haikusogea, na mara moja hata ilishuka. Aliniambia alidhani kipimajoto kimekufa, halafu akadhani moto umezimika, halafu akadhani ameuziwa nyama mbovu.

Kilichotokea ni kilekile kinachopoza maji ya mtungini. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho hilo linapokauka huondoka na joto, na maji yaliyomo yanabaki baridi hata siku ya jua kali. Nyama nayo, ikifika kwenye digrii 65 hadi 75, inasukuma maji yake nje, na maji hayo yanakauka juu ya uso. Inafika mahali ambapo joto linaloondoka kwa kukauka linalingana na joto linaloingia kutoka kwenye moto. Hapo inasimama. Mwanafizikia wa Marekani Greg Blonder alilijaribu hili kwa kuweka jikoni sifongo lililolowa maji na pande la mafuta matupu. Sifongo liligoma kama nyama igomavyo. Mafuta, ambayo hayana maji ya kutoa, yaliendelea kupanda bila kusimama.

Sasa tazama alichokuwa akikifanya mpwa wangu katika zile picha 11. Alifungua mfuniko, joto likatoka. Tulipopima, jiko lake lilihitaji dakika 12 kurudi lilipokuwa. Kisha akanyunyiza maji juu ya nyama ambayo tayari ilikuwa imekwama kwa sababu ya maji. Kila alipoisaidia, aliirudisha nyuma. Saa tatu zile nusu yake, kwa makisio yangu, alizitengeneza mwenyewe.

Zipo njia mbili za kulivuka hilo. Ya kwanza ni kungoja, mfuniko umefungwa, mpaka uso ukauke na nyama ianze kupanda yenyewe. Ukoko wa nje unakuwa mzuri sana kwa njia hii. Ya pili ni kulifunga pande kwa foili au karatasi nene ya bucha likishafika kama 70 na rangi ya nje ikikuridhisha. Mvuke hauna pa kwenda, kukauka kunakoma, na namba inapanda. Ukoko unalainika kidogo. Kwa anayeanza na mwenye wageni, ninashauri afunge.

Kuiva na kulainika

Nilipomuuliza kwa nini aliitoa kwenye 76, alinijibu kwa uhakika: "Mjomba, si nilisoma kwamba ng'ombe akifika 63 yuko salama? Nikaona nimeshapita."

Alisoma sawasawa. Idara ya Kilimo ya Marekani inataja digrii 63 kwa pande zima la ng'ombe, kisha dakika 3 za kupumzika. 71 kwa nyama ya kusaga. 74 kwa kuku. Hivyo ni viwango vya usalama. Nyama yake ilikuwa imeiva, na hakuna mgeni aliyedhurika. Haikuwa imelainika.

Tishu zinazoshikanisha nyuzi za bega ni kolajeni. Inageuka kuwa jelatini, ule ulaini unaoteleza mdomoni, polepole sana kwenye digrii 70 na kitu, na kwa kasi ya maana ikivuka 80. Bega hulegea kweli kati ya 90 na 96, na linahitaji saa kadhaa kufika huko. Wakati huohuo nyuzi za nyama zenyewe hukaza na kukamua maji yake mapema, kabla ya 70. Kwa hiyo pande likitolewa kwenye 76 limeshapoteza maji yake na bado halijapata jelatini ya kufidia. Ukilipima kwa meno, ni mahali pabaya kuliko pote njiani. Angelitoa kwenye 60 angekuwa na nyama ngumu lakini yenye maji; angelifikisha 95 angekuwa na nyama ya kuvunjika kwa uma.

Namba yenyewe si amri. Chomeka kijiti chembamba mahali panapoonekana pagumu. Kikiingia na kutoka bila kusukumwa, toa nyama, hata kama ni 92. Kikikwama, rudisha, hata kama ni 96.

Kisha ipumzike. Ifunge, uizungushie taulo, uiweke kwenye sanduku la kutunzia barafu lisilo na barafu, angalau saa moja. Alipoikata ile dakika ile ile mezani, maji machache yaliyosalia yalimwagikia ubaoni. Picha ya 30 inayaonyesha. Na kisu kilikwenda na nyuzi badala ya kuzikata kwa kuzivuka, kwa hiyo kila mgeni alipewa kamba ndefu ya kutafuna.

Kitu kimoja alichojivunia hata katika huzuni yake ni utepe mwekundu chini ya ukoko, ambao alisikia ni dalili ya nyama iliyokolea moshi. Ni mzuri kuutazama. Unatokana na gesi za moto, oksidi ya naitriki na kaboni monoksidi, zinapokamata mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na kuizuia isigeuke rangi ya kahawia. Hauna ladha yoyote.

Picha ya 19

Nimeitenga hii kwa sababu ndiyo iliyonifanya ninyamaze kwenye simu. Saa nane kasoro mvua ilinyesha kidogo, na yeye akalisukuma jiko ndani ya banda la gari, mlango ukiwa nusu wazi. Lilikaa humo dakika 40, naye alikuwa humo humo.

Mkaa unaofuka hutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, na harufu nzuri ya nyama haikupi onyo lolote. Mtu huanza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu na kichefuchefu, halafu anapoteza fahamu. Mlango ulio nusu wazi hautoshi. Jiko hili ni la nje, mbali na ukuta, madirisha na paa; mimi huacha mita tatu. Mvua ikija, linyeshewe. Bati halidhuriki kwa mvua ya mara moja, na ukichoka kulowa, zima moto na uimalizie nyama kwenye oveni. Moshi imeshapata wa kutosha. Nilimwambia kwa ukali ambao huwa simwonyeshi, kisha nikamwomba radhi kwa ajili ya ukali wa sauti yangu, si kwa ajili ya maneno yangu.

Aliniuliza pia kama angeweza kuipika nusu jioni iliyotangulia, kuiacha, na kuimalizia asubuhi ili awahi wageni. Hapana. Bakteria hustawi kati ya digrii 4 na 60, na nyama iliyopikwa nusu kisha ikaachwa ipoe taratibu inakaa humo muda mrefu. Akitaka kujipa nafasi, aipike yote siku ya kwanza, aipoze haraka, aihifadhi baridi, na aipashe ikiwa imefungwa. Bega huvumilia kupashwa vizuri kuliko nyama nyingine.

Na jiko je?

Alilinunua kwa umbo. Lile pipa lililolazwa ndilo ambalo macho ya watu wengi yanalitambua kama jiko la moshi, na kwa bahati mbaya ndilo linalomtaka mpishi azijue kuni. Lake ni la bati jembamba, chini ya milimita 2. Bati la namna hiyo hupoteza joto upepo ukipuliza, na mfuniko wake unavujisha moshi pembeni kote. Jiko la aina hiyo likiwa na chuma cha milimita 6 ni kitu kingine kabisa, lakini pia ni uzito wa kuhamishwa na watu wanne.

Angeniuliza mapema, ningemwelekeza kwenye jiko la wima lenye sinia la maji kati ya moto na nyama. Mkaa mbichi unajazwa chini, makaa machache yanayowaka yanawekwa juu yake, na moto unateremka polepole kwa saa nyingi. Namna hiyo ya kupanga inaitwa kwa jina la Jim Minion, mpishi wa mashindano wa Marekani aliyeieneza. Sinia la maji linatuliza joto. Mwenye jiko la mviringo la kuchomea, lenye mfuniko na matundu juu na chini, hahitaji hata kununua: asogeze makaa upande mmoja na nyama upande wa pili, ajifunzie humo. Majiko ya vidonge vya mbao, yaliyozaliwa jimbo la Oregon, Marekani, miaka ya 1980, yanajilisha kwa mota na feni na kushika joto kama oveni. Yanampa mtu nyama nzuri siku ya kwanza, na moshi hafifu. Sioni aibu ndani yake. La umeme ni rahisi zaidi ya hayo yote na ladha yake ni ndogo zaidi.

Ila hakuwa na haja ya kuuza. Tulibandika kamba ya kuhimili joto kwenye ukingo wa mfuniko, uvujaji ukapungua sana. Tukaweka matofali mawili ndani, karibu na mdomo wa kisanduku, yashike joto na kuuvunja ule mkondo mkali unaochoma upande mmoja. Na tukafanya kile ambacho karatasi ya maelekezo ilimwagiza naye akakiruka: kupaka mafuta ya kupikia ndani yote na kuliwasha tupu kwa moto mkali saa tatu, ili mafuta ya kiwandani yaungue na chuma kipate ngozi. Sehemu ya harufu mbaya ya siku ile ilitoka huko.

Moto bila nyama

Sharti langu lilikuwa moja: awashe mara tatu bila kuweka nyama. Alinuna kidogo. Kuunguza mkaa kwa ajili ya wavu mtupu kunaonekana ni upotevu, lakini nyama ikiwemo ndani mtu hatazami moto, anatazama nyama.

Mara ya kwanza aliwasha makaa kwenye kopo la kuwashia, bila tone la mafuta, akangoja yawe na majivu meupe juu, na kujaribu kushika digrii 110 hadi 120 kwa saa mbili. Alishindwa mara nne na kufaulu mara ya tano. Mara ya pili aliongeza kuni, vipande vya unene wa kifundo cha mkono, kimoja kila dakika 35 hadi 40, akivipasha kwanza juu ya kisanduku ili vikiingia vishike mwali mara moja. Mara ya tatu ilikuwa siku ya upepo, na hapo ndipo alipogundua mwenyewe kwamba jiko likigeuzwa, mdomo wa kisanduku usitazame upepo, joto linatulia. Sikuwa nimemwambia.

Jioni ya siku hiyo alinitumia picha ya dohani peke yake. Nilidhani imekosewa. Nilipoikuza niliona hewa ikitetemeka juu ya mdomo wake na utando wa kibuluu, mwembamba kama pumzi.

Akaanza na kuku, ambaye huiva kwa muda mfupi na husamehe makosa, kwa moto wa 140 ili ngozi isibaki kama mpira, akamtoa mapaja yakiwa 80. Wiki iliyofuata akarudi kwenye bega, kilo 3.4, safari hii moto ukiwashwa saa kumi alfajiri na nyama ikiingia saa kumi na moja, dohani ikiwa wazi. Mfuniko ulifunguliwa mara ya kwanza saa nne asubuhi, kwa ajili ya kuligeuza pande, maana mwisho wa jiko ungali nyuma kwa digrii 18 hata baada ya matofali. Liligoma kwenye 69. Alilifunga kwenye 71, akafunika, akaenda kukaa mbali na jiko.

Saa tisa kasoro robo alasiri simu yangu ikaita. Kipimajoto kilikuwa kinasoma 94, akaniambia, lakini hakuniambia namba kwanza. "Mjomba," alisema, "kijiti kimeingia."